Taa za gari la zamani zinapowaka na kuzimika zenyewe

Taa iliyokufa moja kwa moja haisumbui sana. Unafuata waya kutoka betri, unafika mahali umeme unapoishia, unatengeneza. Inayochosha ni ile inayozimika njiani usiku, kisha ukisimama na kufungua boneti inawaka kama vile hakuna lililotokea. Hapo ndipo fundi mwenye haraka huanza kubahatisha: leo balbu, kesho swichi, keshokutwa altaneta (kifaa kinachochaji betri), na taa bado iko na vituko vyake.

Katika magari yaliyotengenezwa kabla ya miaka ya 1980, hitilafu ya kuja na kuondoka ni nadra kuwa katikati ya waya. Huwa kwenye maungio. Hesabu mwenyewe: kichwa cha betri, bolti ya solenoidi ya stata (swichi nzito ya mota inayowasha injini), fyuzi ncha mbili, swichi ya taa inapoingia, inapogusana ndani na inapotoka, swichi ya kubadili fuli (mwanga wa mbali) na dimu (mwanga wa karibu) vivyo hivyo, pini na vimirija vyake nyuma ya grili, soketi ya balbu, halafu safari nzima ya kurudi kwa njia ya ethi, yaani bodi ya gari inayorudisha umeme kwenye betri. Umeme wa taa moja ya mbele unavuka sehemu zaidi ya kumi na tano za chuma kugusa chuma, na kila moja imekaa na kutu, vumbi na mtikisiko kwa miongo kadhaa. Kwa hiyo usianze kwa kuuliza kifaa gani kimeharibika. Uliza ungio lipi limechoka.

Kabla ya kushika spana: inazimika lini?

Wakati taa inapozimika unakuonyesha mahali pa kutazama, kuliko hata aina ya taa yenyewe. Ikizimika kwenye mashimo na matuta, tafuta kitu kinachocheza: balbu kwenye soketi, kichwa cha betri, pini iliyolegea. Ikizimika baada ya dakika kumi au ishirini na kurudi ikipoa, ni joto: swichi, kikata-umeme cha ndani ya swichi, au fyuzi iliyokaa vibaya. Ikianza baada ya mvua au kuosha gari, maji yameingia kwenye kikombe cha taa au soketi. Ikitokea unapokata kona au kuinua usukani, waya zinazopita kwenye nguzo ya usukani zimekatika ndani ya plastiki. Ikibadilika ukifungua au kufunga buti, ni hadithi hiyo hiyo kwenye bawaba za buti.

Andika pia ni taa zipi zinazozimika pamoja. Taa zinazougua pamoja zina ungio moja la pamoja, na ramani ya waya ya gari hilo itakuonyesha liko wapi. Kwenye magari mengi ya Uingereza yenye vifaa vya umeme vya kampuni ya Lucas, bluu yenye mstari mweupe ni fuli, bluu yenye mstari mwekundu ni dimu, nyekundu ni taa ndogo na za nyuma, kijani na zambarau ni breki, kijani na nyekundu ni indiketa za kushoto, kijani na nyeupe za kulia, na nyeusi ni ethi. Magari ya Ujerumani husomeka kwa namba: 30 ni umeme wa moja kwa moja kutoka betri, 15 ni wa baada ya swichi ya ufunguo, 56a fuli, 56b dimu, 58 taa ndogo, 54 breki, 31 ethi. Lakini gari la miaka 50 limeshapitia mikono mingi. Rangi iamini baada ya kuipima.

Mita isiyo na mzigo inadanganya

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Multimita inavuta umeme kidogo mno. Waya wenye nyuzi 28 ukibakiwa na uzi mmoja tu, mita bado itasoma volti 12.6, nawe utasema umeme umefika. Washa balbu ya wati 55 inayotaka ampea 4.6, na uzi huo mmoja unaweza kupata moto na kupoteza volti. Kupima omu nako hakusaidii: ungio lenye ukinzani wa omu 0.1 litaonekana zima kwenye mita ya kawaida, lakini ampea 10 zikipita hapo unapoteza volti 1 na ungio linatoa joto la wati 10. Ndiyo maana swichi nyingine zinanuka plastiki iliyoungua huku fyuzi ikiwa salama.

Kwa hiyo pima taa zikiwa zimewaka, na pima volti zinazopotea, si zinazofika. Vifaa ni vichache:

– Multimita, bora yenye uwezo wa kushika kipimo cha chini kabisa na cha juu kabisa.
– Taa ya kupimia: balbu ya wati 21 kwenye soketi yake, na waya mbili zenye klipu za mamba. Testa ndogo ya kalamu haitoshi kwa sababu haina mzigo.
– Waya wa ziada wa mita 4 hivi, unene wa mm² 2.5, wenye klipu kila upande na fyuzi ya ampea 15 katikati.

Kipimo chenyewe kinaenda hivi. Washa injini au hakikisha betri imejaa, washa dimu. Weka waya mmoja wa mita kwenye nguzo ya betri isiyofungwa kwenye bodi, yenyewe, si kwenye kichwa kinachoibana, na wa pili kwenye ncha ya balbu inayoingiza umeme, balbu ikiwa mahali pake. Kinachosomeka ni volti zilizopotea njiani. Kwa mfumo wa volti 12, chini ya 0.5 ni nzuri. Ikizidi 1 una kazi ya kufanya. Kisha pima upande wa kurudi: kutoka ncha ya ethi ya balbu hadi nguzo ya pili ya betri. Huko usikubali zaidi ya 0.2.

Ukikuta hasara kubwa, sogeza mita hatua kwa hatua: betri hadi solenoidi, hadi swichi inapoingia, inapotoka, na kuendelea. Ungio moja zima hupoteza chini ya volti 0.1. Mahali ambapo namba inaruka, hapo ndipo pagonjwa. Kazi nzima ni dakika ishirini, na kwa maoni yetu hakuna sababu ya kununua kifaa chochote kabla ya kuifanya.

Usidharau volti moja. Balbu ya uzi ikipata asilimia 90 ya volti zake, mwanga hushuka hadi karibu asilimia 70. Ikipata asilimia 80, mwanga unabaki chini ya nusu. Wengi wanaolalamika kwamba taa za zamani hazikutengenezwa kuona usiku wanalalamikia maungio.

Mambo mawili ya kuangalia kwanza. Magari mengi ya Uingereza hadi katikati au mwisho wa miaka ya 1960 yana ethi chanya, yaani nguzo ya + ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Vipimo ni vile vile, alama tu inageuka. Na kwenye gari la volti 6, punguza mipaka hiyo kwa nusu: balbu ya wati 45 huko inavuta ampea 7.5, hivyo ungio bovu kidogo tu linaumiza maradufu.

Taa zote zinafifia au kukatika pamoja

Kama taa za mbele, za dashibodi na honi vyote vinazimika kwa sekunde moja, usiguse taa. Anza kwenye betri. Fungua vichwa vyote viwili, vikwangue ndani hadi risasi ing'ae, kaza mpaka visiweze kuzungushwa kwa mkono. Kisha tazama mkanda wa ethi kutoka betri hadi bodi na ule wa injini hadi bodi. Mkanda wa pili husahaulika kila mara mtu anapotoa injini, na stata inapozunguka kwa uzito huku kebo ya kichapuzi ikipata moto, ujue umeme wa ethi unajitafutia njia nyingine ya kupita.

Taa zikififia injini ikiwa sailensa (inazunguka taratibu bila kukanyaga mafuta) na kung'aa ukikanyaga mafuta, angalia kwanza gari lina dainamo (kichaji cha aina ya zamani) au altaneta. Dainamo haichaji vya kutosha kwenye mzunguko mdogo. Hiyo si hitilafu, ndivyo ilivyo. Kwenye altaneta, pima betri injini ikizunguka kasi ya kati: volti 13.8 hadi 14.5 ni sawa. Mwanga ukipiga kama mapigo ya moyo bila kufuata barabara, regyuleta (kidhibiti cha chaji) ina ncha chafu au ethi mbovu. Volti zikizidi 15, balbu zitaanza kuungua moja baada ya nyingine, na watu watalaumu balbu.

Taa kubwa zote mbili zinazimika, kisha zinarudi zenyewe

Kwenye magari mengi ya Marekani swichi ya taa ina kikata-umeme cha ndani: kipande cha metali mbili kinachojikunja kikipata moto, kinakata, kikipoa kinaunga tena. Kilibuniwa ili usibaki gizani kabisa. Kikianza kukata kila dakika kumi, kuna mambo mawili. Ama mzigo umezidi, au swichi imechoka na inajipasha moto yenyewe.

Pima ampea. Balbu mbili za wati 55 ni ampea 9 hivi. Ongeza taa ndogo, za nyuma na ya namba, unafika 11 au 12. Mtu akiwa ameweka balbu za wati 100, peke yake hizo ni karibu ampea 17, na swichi haikuahidi hivyo. Kama ampea ni za kawaida na bado inakata, gusa mwili wa swichi baada ya robo saa: joto la kuunguza kidole ni jibu tosha. Badilisha swichi na uweke rilei (swichi inayoendeshwa na umeme mdogo, ikibeba ule mkubwa). Usikipite kikata-umeme kwa waya. Bila hicho, kitakachokatika ni plastiki ya waya nyuma ya dashibodi.

Dimu inazimika, fuli iko sawa

Karibu kila mara ni swichi ya kubadilishia. Zile za kukanyaga kwa mguu zinakaa sakafuni, zinapokea matope, maji na mateke. Ikanyage mara ishirini taa zikiwa zimezimwa; kama hali inabadilika kwa muda, umeshaipata. Kuisafisha kwa dawa ya kusafishia maungio kunanunua muda, lakini ncha zilizoliwa na cheche hazirudi.

Taa moja tu ya mbele

Vuta soketi ya balbu na itazame. Plastiki iliyogeuka kahawia au ncha iliyopoteza ukakamavu haifai kubanwa tena kwa koleo. Chuma kikishapata moto namna hiyo springi yake imekufa. Weka soketi mpya yenye waya zake.

Kuna dalili moja ambayo ukiijua inakuokolea saa nzima. Umewasha dimu, taa ya kushoto ina mwanga hafifu wa njano, na taa ya bluu ya fuli kwenye dashibodi inamulika kwa mbali. Hiyo ni ethi ya taa ya kushoto imekatika. Umeme umeshapita uzi wa dimu, umekosa njia ya kutokea, ukarudi kinyume kupitia uzi wa fuli wa balbu hiyo hiyo, ukaingia kwenye waya wa fuli na kwenda kutafuta ethi upande wa kulia. Kuthibitisha, shika waya wako wa ziada, klipu moja kwenye nguzo ya ethi ya betri na nyingine kwenye ncha ya ethi ya soketi. Taa ikiruka na kuwa nyeupe, kazi imekwisha kutafutwa.

Balbu nayo huzeeka kwa ujanja. Uzi uliokatika unaweza kugusana tena kwenye tuta na kuwaka kwa siku mbili. Igonge kwa kucha ikiwa inawaka. Ukibadilisha ya halojeni usiguse kioo chake kwa vidole. Mafuta ya ngozi yanaiua mapema.

Nyuma: breki, taa ndogo na indiketa zinazochanganyikana

Ukikanyaga breki taa ndogo inazimika, au indiketa inamulika na taa ya breki inafuata mdundo. Watu hudhani waya zimegusana. Mara nyingi ni ethi ya kikombe cha taa, kwa sababu vikombe vingi vya zamani hupata ethi kupitia skrubu zilizokifunga kwenye bodi, na bodi hiyo imepakwa rangi upya mara tatu. Toa skrubu, kwangua rangi hadi chuma, weka washa yenye meno, paka vaselini kidogo juu yake. Bora zaidi, vuta waya wa ethi wa mm² 1 kutoka kikombe hadi bolti safi ndani ya buti.

Ethi ikiwa nzima, toa balbu. Ya nyuzi mbili za wati 21 na 5 (BAY15d) ina pini zisizolingana urefu ili isiingie kinyume, lakini soketi iliyochakaa huipokea hata ikisukumwa kimakosa. Tena, uzi mmoja ukikatika unaweza kuangukia wa pili, na hapo taa ndogo na breki zinakuwa mfumo mmoja. Angalia pia risasi iliyo kitako cha balbu: ikiwa imebonyea, ncha ya soketi haiifikii vizuri. Springi ya soketi ikiwa imechoka, tone la risasi ya kulehemu kwenye kitako cha balbu ni dawa ya njiani, si ya kudumu.

Taa za breki zinazowaka tu ukikanyaga kwa nguvu: kwenye magari mengi ya zamani swichi inaendeshwa na shinikizo la mafuta ya breki, na ndani huchakaa kwa umeme wa balbu mbili za wati 21. Unganisha waya zake mbili pamoja. Taa zikiwaka imara, swichi ndiyo mkosaji. Hii ifanye leo. Aliye nyuma yako hajui kwamba taa zako zinasubiri breki kali.

Indiketa

Flasha (kifaa kinachomulisha indiketa) za zamani zinafanya kazi kwa joto la umeme unaopita, hivyo mdundo wake ni kipimo cha bure cha mzunguko mzima. Upande mmoja ukibadilika mdundo au ukiwaka bila kumulika, balbu moja haivuti: imeungua, au ethi yake ni mbovu. Pande zote mbili zikichelewa, tazama umeme unaoingia kwenye flasha kabla ya kuinunua upya. Na ukiweka balbu za LED bila kubadilisha flasha, haitamulika. Hakuna joto la kuitosha.

Fyuzi

Zile za Ulaya zenye ncha za koni hukamatwa na springi mbili za shaba, na kutu nyembamba isiyoonekana inatosha kukata umeme. Zizungushe kwa kidole: taa ikirudi, toa zote, ng'arisha ncha na springi. Za kioo zina ugonjwa wa siri, uzi kuachana na kofia ndani pasipoonekana. Zipime kwa mzigo, si kwa macho. Zingatia pia kwamba fyuzi ya Lucas iliyoandikwa 35 huungua kwa ampea 35 na kubeba 17 mfululizo. Ukiweka ya kawaida ya ampea 35, umeiruhusu kubeba mara mbili ya ile, na waya utaungua kabla yake. Magari kadhaa ya Uingereza hayana kabisa fyuzi ya taa kubwa.

Fyuzi ikiungua mara moja moja tu, usizimalize kwa majaribio. Toa fyuzi, na mahali pake unganisha balbu: ya wati 21 kwa mizunguko midogo, ya wati 55 kwa taa kubwa. Waya ukigusa bodi, balbu hiyo inawaka kwa nguvu zote bila kuunguza kitu. Sasa tingisha mafungu ya waya moja moja, geuza usukani, fungua buti, bonyeza waya zinapopita kwenye matundu ya chuma yasiyo na mpira. Balbu ikilipuka kwa mwanga, mkono wako uko hapo hapo.

Kutengeneza kwa namna isiyorudi

Ondoa waya wa betri kwanza. Maungio yasafishe kwa brashi ya nyuzi za kioo au msasa mwembamba sana. Msasa mkali unaacha mikwaruzo inayokusanya kutu. Waya uliogeuka mweusi ndani ukate nyuma hadi ukute shaba inayong'aa, hata kama ni sentimita kumi. Bana kwa koleo la kazi hiyo, si la kawaida, kisha funika kwa mpira wa kusinyaa kwa joto. Kulehemu kwa risasi kwenye sehemu zinazotikisika hatukushauri: risasi inapanda ndani ya nyuzi, inaufanya waya kuwa mgumu, nao unakatika pale ugumu unapoishia. Utepe mweusi peke yake ni ahadi ya kuonana tena.

Kwa taa kubwa, dawa inayodumu ni rilei mbili za ampea 30, moja ya fuli na moja ya dimu, zikae karibu na taa. Waya wa zamani wa fuli au dimu unaingia ncha namba 86 ya rilei, 85 inakwenda ethi. Namba 30 inapokea waya mpya wa mm² 2.5 au zaidi kutoka betri kupitia fyuzi ya ampea 15 iliyo karibu na betri, na 87 inakwenda kwenye balbu. Kila rilei iwe na fyuzi yake, ili moja ikiungua usibaki gizani. Swichi iliyokuwa ikibeba ampea 10 sasa inabeba chini ya robo ya ampea moja. Usisahau kuongezea waya wa ethi wenye unene huo huo. Rilei haiponyi ethi.

Mwisho pima tena vile vile ulivyopima mwanzo, taa zikiwa zimewaka kwa dakika ishirini na boneti imefungwa. Kama mita yako inashika kipimo cha juu, iunganishe kati ya betri na balbu na uendeshe gari kwenye barabara mbovu. Namba iliyoruka hata mara moja ina maana kuna ungio la pili ambalo hujalifikia.